Pesa Zimefika, Mgeni Hajafika

Mwezi huu tungependa kuzungumza nawe juu ya mtu ambaye huenda halali katika nyumba yenu, lakini anaweza kuleta ndani yake amani au ugomvi. Mtu huyo ni mzazi wako, au mzazi wa mwenzako, ambaye sasa ni mzee na amebaki nyumbani mashambani. Je, mara ya mwisho ninyi wawili mlipozungumza juu yake, mlizungumza juu ya nini? Wengi watajibu: juu ya pesa. Nani atalipa hospitali, nani atanunua unga, ndugu yupi hatoi mchango wake. Hayo ni maneno ya lazima. Lakini liko swali moja ambalo mabwana na mabibi wengi hawaulizani kamwe: mzee wetu anaongea na nani?

Hebu tuchukue mfano. Watu wa mfano huu hawana majina, lakini ukiona wanafanana na jirani yako, au wanafanana nawe, usishangae.

Bwana na bibi wanakaa Umoja, Nairobi. Mama yake bwana ni mjane wa miaka 76, naye anaishi peke yake karibu na Mwala, katika kaunti ya Machakos. Kila mwanzo wa mwezi bwana humtumia pesa kwa M-PESA, wala hajakosa hata mwezi mmoja. Hujiona mwana mwema, na kwa kweli ni mwana mwema. Lakini kila akipiga simu, mama huuliza neno moja tu: "Mtakuja lini?" Naye hujibu, "Kwani mama, pesa hazikufika?" Mama husema, "Zimefika, mwanangu. Zimefika." Kisha wote wawili hunyamaza.

Siku moja bwana akaamua kulimaliza jambo hilo. Bila kushauriana vizuri na mkewe, alikwenda akamleta mama Nairobi. Bibi alimpokea kwa heshima. Alimtandikia kitanda katika chumba cha watoto, akamnunulia blanketi jipya, akatafuta muthokoi sokoni ili mama asikose chakula alichokizoea. Lakini saa kumi na mbili asubuhi bwana na bibi walitoka kwenda kazini, na watoto wakaenda shuleni. Mama akabaki ghorofa ya nne na msichana wa kazi, mlango umefungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi. Jirani wa mlango wa pili hakujua hata jina lake. Televisheni iliongea mchana kutwa, lakini haikumwuliza kitu. Baada ya majuma sita mama alikuwa amekonda, na alikuwa na ombi moja: "Nirudisheni nyumbani."

Ndipo ugomvi ulipoanza. Bwana alimwambia mkewe, "Lazima kuna jambo ulilomtendea mama." Bibi akajibu kwa machozi, "Nimemwosha miguu, nimempikia, nimenyamaza alipoonja mboga zangu na kukunja uso. Wewe umekaa naye saa ngapi tangu aje?" Kwa mwezi mzima walilala kila mmoja akiangalia ukuta wake.

Nani alikosa?

Mama alipoteza nini?

Katika nyumba hiyo hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Kosa lilikuwa la kutoelewa. Kwanza bwana alidhani kwamba mama ana upungufu wa pesa. Baadaye alidhani kwamba ana upungufu wa nyumba nzuri. Hakujua kwamba mama alikuwa na upungufu wa watu, na kwamba kwa kumleta mjini alimwondolea hata wale wachache waliobaki.

Hebu tuhesabu. Kule Mwala, Jumapili mama alikwenda Misa na kukaa kwenye benchi lile lile na wenzake wawili. Siku ya soko aliuza mayai machache. Faida ilikuwa ndogo, lakini salamu zilikuwa nyingi. Mara moja kwa juma alikaa chini ya mwembe na akina mama wengine wakisuka vyondo, na huku mikono ikisuka, midomo ilipeleka habari za kijiji kizima. Kikundi chao cha mwethya kilipolima shamba la mmoja wao, yeye hakuweza tena kushika jembe, lakini alichemsha chai ya watu. Mtoto wa jirani alikuja jioni kuomba chumvi. Mbuzi wawili walimngoja asubuhi.

Huko Nairobi alipewa blanketi jipya, lakini hapakuwa na mtu aliyemngoja. Hata chai hakuruhusiwa kuchemsha. "Pumzika, mama," waliambiana wote kwa upendo. Ndugu msomaji, kumpumzisha mzee kutoka kila kazi ni kumwambia kwamba hahitajiki tena. Neno hilo huumiza kuliko baridi.

Basi hili ndilo fundisho letu la mwezi huu: mzee hahitaji kutunzwa tu, ahitaji pia kuwa mtu kati ya watu. Anahitaji wa kumtembelea, wa rika lake wa kuongea naye, na kazi ndogo ambayo wengine wanaitegemea. Pesa husaidia mambo hayo matatu, lakini haziwezi kuchukua mahali pa hata moja.

Hata sheria ya nchi yetu imelitambua jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inataja haki za wazee, yaani waliofika miaka 60. Haki inayotajwa kwanza ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kutunzwa na familia na Serikali kunatajwa mwishoni. Serikali ina mpango wa Inua Jamii, ambao huwapa wazee walioandikishwa, wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada wa maana kwa mtu asiye na kitu. Lakini hakuna Serikali inayoweza kukaa kwenye kigoda na kumwuliza mama amelalaje.

Upweke ni ugonjwa wa mwili pia

Huenda ukasema, "Upweke ni huzuni tu, utapita." Wataalamu hawasemi hivyo. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad wa Marekani na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi 148 uliohusu watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa kadiri ya asilimia 50, kuliko wale wenye uhusiano hafifu. Mwezi wa Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka.

Kuna na jambo la akili. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet la Uingereza ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Kati ya hayo yamo kutosikia vizuri, kutoona vizuri kusikotibiwa, na kukaa mbali na watu. Tazama jinsi mambo hayo matatu yanavyofuatana. Masikio yakififia, mzee huchoka kuuliza, "Umesemaje?" Akichoka kuuliza, huacha kukaa na watu. Akiacha kukaa na watu, akili hukosa mazoezi yake.

Hapa kwetu upweke una hatari nyingine ambayo yatupasa kuitaja bila kuficha. Mzee anayeishi peke yake, anayeongea mwenyewe, anayesahau njia na kuonekana usiku mahali asipojulikana, huanza kuitwa mchawi. Katika pwani, hasa Kilifi, wazee wengi wameshambuliwa kwa tuhuma hizo. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mzee anayetembelewa kila mara, anayejulikana na vijana kwa jina, na ambaye watoto wake huonekana kijijini, ana ulinzi ambao ukuta na mbwa haviwezi kumpa.

Wiki ya mzee

Yafaa muanze wapi? Anzeni na karatasi. Jioni moja, watoto wakiisha kulala, kaeni mezani ninyi wawili na kuandika siku saba za juma, kutoka Jumapili mpaka Jumamosi. Mbele ya kila siku andikeni mtu ambaye mzee wenu ataongea naye uso kwa uso siku hiyo, na kazi gani ataifanya ambayo mtu mwingine anaingoja. Kama hamjui, pigeni simu mkamwulize, au mwulizeni jirani yake.

Bwana na bibi wengi wakifanya hivyo hushtuka. Huona Jumapili ina watu, na siku ya soko ina watu, lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni nafasi tupu. Karatasi hiyo itawaonyesha shida ilipo kuliko maneno mengi. Kazi yenu si kujaza siku zote saba. Mkiweza kuongeza siku mbili tu, mtakuwa mmemfanyia jambo kubwa.

Fanyeni karatasi mbili: moja ya wazazi wa bwana, nyingine ya wazazi wa bibi. Tunalisisitiza neno hili kwa sababu nyumba nyingi zina karatasi moja tu. Wazazi wa bwana huwa "wazazi wetu", na wa bibi huwa "wazazi wako". Binti hakuacha kuwa binti siku aliyoolewa. Mume anayemzuia mkewe kwenda kumwona baba yake mgonjwa, halafu anamtaka amuuguze mama mkwe kwa moyo mweupe, anadai kuvuna mahali ambapo hakupanda.

Vitu vidogo vinavyomfungia mzee ndani

Mzee akiacha kwenda Misa au chamani, tusikimbilie kusema, "Ni uzee." Mara nyingi kuna sababu, na mara nyingi anaona haya kuitaja. Uliza kwa upole, mkiwa peke yenu. Na kama ni jambo la aibu, binti amwulize mama na mwana amwulize baba.

Masikio. Je, anasikia? Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na daktari huitoa kwa muda mfupi. Usiitoe mwenyewe kwa kijiti. Ukiongea naye, kaa mbele yake akuone midomo, zima redio, sema polepole bila kupiga kelele.

Macho. Mtoto wa jicho huwafanya wazee wengi wasitambue nyuso za wenzao, nao wakaonekana kuwa na maringo kwa kutoitikia salamu. Ugonjwa huo hutibiwa kwa upasuaji mfupi. Wakati mwingine miwani ya kufaa yatosha.

Kushindwa kuzuia mkojo. Hii ni sababu kubwa, nayo husemwa kidogo sana. Mama aliyepatwa na aibu kanisani mara moja hatarudi, naye atasema kwamba ni magoti. Mpeleke kwa daktari, kwa maana mara nyingi kuna dawa au mazoezi. Mnunulie nguo za kumkinga, na umwombe mwenzake mmoja wakae karibu na mlango.

Miguu na njia. Kama kanisa liko mbali, patana na kijana wa bodaboda mnayemwamini, mwenye mwendo wa pole. Mlipe ninyi wenyewe kila mwezi, ili mzee asihesabu shilingi kila Jumapili.

Mchango. Jambo hili wana wengi hawalijui. Wazee wengi huacha chama si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu hawana mchango wa kila juma, nao wanaona haya kukaa kati ya wenzao mikono mitupu. Vivyo hivyo matangani. Basi katika pesa unazotuma, tenga shilingi 200 au 300 na useme wazi: "Mama, hizi si za unga. Hizi ni za chama chako na za kuwapa pole waliofiwa." Utakuwa umemnunulia kiti kati ya watu.

Tena, mzee aliyekuwa mchangamfu akianza kukataa chakula, kukosa usingizi, kulia bila sababu au kusema afadhali afe, msiseme tu ni upweke au uzee. Huenda ni ugonjwa wa huzuni, nao una matibabu. Mpelekeni hospitalini.

Simu na ziara

Simu ni kitu kizuri. Mnunulie simu ya vibonyezo vikubwa, inayokaa na chaji siku nyingi, na umwekee namba za watu wachache anaowapenda, wakiwemo wenzake wa rika, si watoto wake tu. Chagueni saa maalumu, kwa mfano Jumatano na Jumapili baada ya chakula cha jioni. Mzee anayejua kwamba simu italia Jumatano ana kitu cha kungoja tangu Jumanne.

Lakini mnaongea nini? Wengi wetu tunauliza, "Uko salama? Pesa umepata? Dawa umemeza?" Hayo ni maswali ya karani. Mwombe shauri la kweli. "Baba, mvua imechelewa, nipande mahindi au ningoje?" "Mama, mtoto wangu ameanza kusema uongo, wewe ulifanyaje nami?" Hapo utamsikia sauti ikibadilika. Na akikupa shauri, simu ya pili mweleze matokeo yake.

Bwana, neno moja kwako. Usimwachie mkeo kazi ya kumpigia mama yako simu. Mke mwema atampigia, naye apate baraka zake. Lakini mama anataka kusikia sauti ya mtoto aliyemzaa.

Juu ya ziara, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo saa saba na uondoke saa tisa. Wako wana wanaokwenda nyumbani kama wakaguzi: wanatazama paa, wanahesabu mbuzi, wanaacha sukari na mafuta mezani, na kuondoka wakisema kwamba barabara ni mbaya usiku. Afadhali kwenda mara chache na kulala usiku mmoja, kwa maana wazee husema maneno yao ya moyoni jioni, moto ukiwaka. Kula alichopika. Mwache akutume.

Na kama una gari, au umekodi, usilitumie kuleta vitu tu. Mwulize, "Mama, ni nani ungependa kumwona?" Huenda ana dada yake Kangundo ambaye hawajaonana miaka minne, kila mmoja akidhani mwenzake amemsahau, kumbe wote wawili hawana wa kuwapeleka. Saa tatu za dada wawili kukaa pamoja zinaweza kuwa zawadi kuliko gunia la mchele.

Akina baba waliofiwa

Babu mjane husahaulika zaidi. Katika nyumba nyingi, mama ndiye aliyekuwa mlango wa habari. Watoto walimpigia mama, na mwisho wakasema, "Msalimie baba." Mama akifa, mlango umefungwa. Baba hajui kupiga simu ya mazungumzo, wala watoto hawajui kuongea naye ila kwa maswali ya shamba. Tena wanaume wengi huona kuomba kampani ni udhaifu, na wengine hutafuta kampani hiyo kwenye pombe.

Baba wa namna hiyo usimwulize kama ana upweke, atakataa. Mpe kazi ya pamoja. Mwombe amfundishe mjukuu kuchonga mpini, kutambua mipaka ya shamba, kutaja majina ya mababu wa ukoo. Mjukuu na aandike katika daftari. Mnunulie ubao wa dama, maana mchezo huo hauchezwi na mtu mmoja. Mwombe katekista ampe kazi kigangoni, hata kama ni kufungua mlango na kuhesabu viti.

Jumuiya ifanye nini?

Sisi Wakatoliki tuna kitu cha thamani mikononi mwetu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa nafasi ya kwanza katika miaka ya 1970, hukutana nyumba kwa nyumba. Basi kama mzee hawezi kufika kwenye jumuiya, jumuiya ifike kwake. Isiende kama kundi la kumwombea mgonjwa tu. Nyumba yake iwe zamu yake, kama nyumba nyingine yoyote, naye aongoze sala moja, aseme neno, atoe chai kama anaweza. Anayempelekea Komunyo akae dakika kumi zaidi. Vijana wapewe kila mmoja mzee mmoja wa kumsalimu wakitoka shuleni.

Amri ya nne ya Mungu inatutaka tuwaheshimu baba na mama, wala haikutaja umri ambapo heshima hiyo inakwisha. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iadhimishwe Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Umoja wa Mataifa nao una siku ya wazee, tarehe 1 Oktoba. Siku hizo mbili ni nafasi nzuri kwa parokia kuwakusanya wazee wote mahali pamoja. Msiwape hotuba ndefu. Wapeni viti, chai, na muda wa kuongea wao kwa wao.

Kama lazima aje kwenu

Kuna wakati mzee hawezi kabisa kubaki peke yake, kwa sababu ya ugonjwa au usalama. Basi aje, lakini mfanye mambo manne.

1. Mpatane kwanza ninyi wawili, na kumwuliza mzee mwenyewe. Bwana asimlete mama kama anayeleta mzigo usiku.

2. Mpelekeni kwa watu juma la kwanza. Mtambulisheni kwa jirani, kwa jumuiya ya mtaa, kwa mwanamke mwingine wa rika lake anayesema lugha yake. Hata katika mitaa ya Nairobi wapo, nao pia wamefungiwa ndani.

3. Mpeni kazi ya nyumba iliyo yake: kuchagua mboga, kusimulia hadithi jioni, kufundisha watoto lugha ya nyumbani. Msichana wa kazi asiagizwe kumnyang'anya.

4. Msikate uzi wa nyumbani. Arudi kusalimu Krismasi na Pasaka, na wenzake wampigie simu. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

Ninyi nanyi mnazeeka

Mwisho, bwana na bibi, jitazameni wenyewe. Anayefanya kazi serikalini hustaafu akiwa na miaka 60. Siku hiyo mwanamume aliyekuwa na marafiki wa kazini tu hugundua kwamba hana rafiki. Wengine hugundua kwamba hata mke waliyelala naye miaka 30 hawajui kuongea naye pasipo habari za watoto na karo. Anzeni sasa. Tembeeni pamoja jioni. Kila mmoja awe na chama, kwaya au kikundi cha watu wasiomhitaji kwa cheo chake. Tena watoto wenu wanawatazama. Jinsi mnavyokwenda kwa nyanya leo, ndivyo watakavyokuja kwenu kesho.

Turudi kwa bwana na bibi wa Umoja. Bwana alimwomba mkewe msamaha, na hilo lilikuwa la kwanza. Kisha wakaandika karatasi zao mbili. Mama alirudi Mwala. Pesa wanazotuma hazikuongezwa hata shilingi. Waligawanya tu, kidogo kikawa cha chama na kidogo cha bodaboda wa Jumapili. Masikio yake yaliangaliwa, ikaonekana sikio moja lilizibwa na nta. Mjukuu mkubwa hukaa naye kila likizo, naye humwita Susu na kuandika hadithi zake. Na mwezi mmoja wanakwenda kwa mama, mwezi wa pili wanakwenda kwa baba yake bibi.

Mama bado anauliza kwenye simu, "Mtakuja lini?" Tofauti ni kwamba sasa bwana ana jibu: "Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mama. Na tutalala."

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mzee wetu ataongea na nani kesho? Na kesho kutwa?

2. Je, tunawatendea wazazi wa pande zote mbili kwa usawa? Kila mmoja amjibu mwenzake bila hasira.

3. Ni kazi gani ya kweli tunayoweza kumwomba mzee wetu atufanyie mwezi huu?

4. Katika jumuiya yetu, ni mzee gani ambaye hatujamwona kwa mwezi mzima? Nani kati yetu atakwenda kwake juma hili?